Kabla ya kifungo cha maisha, leteni kwanza kumbukumbu mahakamani

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mtakumbuka ile habari yenu ya wanaotaka kila anayetiwa hatiani mara ya tatu afungwe maisha, na hakimu asiwe na hiari yoyote. Mliwapa nafasi wanaounga mkono, mkawapa na wanaopinga. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo sisi tulioibiwa tunalijua: huyo wa mara ya tatu, mahakama itajuaje kwamba ni wa mara ya tatu?

Mimi ni mkulima wa zabibu Mpunguzi, hapa Dodoma. Niliibiwa pampu ya maji kisimani, usiku, mpira wake umekatwa kwa kisu. Kijana alikamatwa akiiuza, na nilipomwona tu nikamtambua, kwa kuwa kabla ya hapo aliiba sola ya jirani yangu na mimi mwenyewe nilikwenda Mahakama ya Mwanzo kutoa ushahidi. Alifungwa, akatoka. Kesi ya pampu ikaenda Mahakama ya Wilaya. Siku ya hukumu hakimu alimtia hatiani, kisha akamuuliza mwendesha mashtaka kama kuna kumbukumbu ya makosa ya nyuma. Akasimama, jalada kalishika mkononi, na bila hata kulifungua akajibu: "Mheshimiwa, hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, ila tunaomba adhabu kali." Nilikuwa benchi la nyuma. Nikanyoosha mkono, askari akaniambia niushushe. Mshtakiwa akaomba ahurumiwe, eti ni kosa lake la kwanza na mama yake ni mgonjwa. Hakimu simlaumu, maana anahukumu kwa kile kilicho mbele yake. Akaandika mkosaji wa mara ya kwanza, akampa kifungo cha nje. Nilipomfuata mwendesha mashtaka nje, akanijibu kwamba majalada ya Mwanzo hayafiki kwake. Hayafiki! Mji huu una Bunge, wizara zimejaa kule Mji wa Serikali, Mtumba, treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi hapa, lakini karatasi moja ya hukumu inashindwa kutoka mahakama moja kwenda nyingine ndani ya wilaya! Mwezi haujaisha nikamkuta yule kijana gengeni, akaniamkia: "Shikamoo mzee." Nikakosa la kumjibu.

Sasa mtu anakuja kuniambia dawa ni kifungo cha maisha. Adhabu kali tunazo tayari. Unyang'anyi wa kutumia silaha haupungui miaka 30 jela. Anayembaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha, tangu ilipotungwa sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, na kwa unyama ule sina neno la kupinga. Lakini mnataka kumtia kwenye chungu hicho hicho mwizi wa kuku, mwizi wa sola na jambazi wa panga, mradi tu wamefika mara tatu. Mlinzi wangu analala peke yake kwenye kibanda shambani. Mwizi akishajua kwamba akikamatwa ndiyo basi, hatoki tena, huyo mlinzi atamwacha hai amtambue?

Msemaji wenu mmoja aliisifia California, Marekani, na akasimulia nusu tu. Sheria yao ya 1994 ilimpa mwenye makosa mawili mazito nyuma yake kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa kosa lolote kubwa la jinai litakalofuata. Mtu mmoja aliiba fimbo tatu za gofu, akapewa kifungo hicho, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakiacha kama kilivyo, majaji watano dhidi ya wanne. Mwaka 2012 wapiga kura wa California wenyewe wakairekebisha, ili kwa kawaida kosa la tatu nalo liwe zito au la kutumia nguvu. Na hata katika ule ukali wa mwanzo, hukumu za nyuma zilipaswa kuletwa mahakamani na kuthibitishwa. Hapa kwetu tunataka ukali wao wakati jalada halifunguliwi.

Halafu kuna hili la vielelezo, yaani mali iliyoibwa inayoshikiliwa kama ushahidi, ambalo limeniuma kuliko hata wizi wenyewe. Pampu yangu ilipatikana nzima. Ikafungwa karatasi yenye namba ya kesi, ikatupwa stoo ya kituo, ikakaa humo kiangazi chote. Niliomba ipigwe picha nirudishiwe, nikaambiwa kesi ikiisha. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, shahidi wangu mmoja akachoka kujilipia nauli akaacha kuja. Zabibu za mwezi wa nane zilisinyaa kwenye mashina, vishada vikabaki vidogo na vigumu, mnunuzi akavishika akaviacha. Mwizi alinichukulia pampu usiku mmoja. Msimu mzima nilinyang'anywa na waliosema wananisaidia.

Ninachotaka ni hiki. Kila anayetiwa hatiani, hata Mahakama ya Mwanzo, hata kwa kuku, achukuliwe alama za vidole na picha kabla hajatoka kizimbani, na nakala ya hukumu ifike polisi wilaya wiki hiyo hiyo. Mwendesha mashtaka asiruhusiwe kutamka "hatuna kumbukumbu" mpaka awe na karatasi iliyosainiwa na ofisi ya alama za vidole kwamba wametafuta na hawakukuta. Shahidi alipwe nauli siku hiyo hiyo, taslimu, pale pale mahakamani.

Nanyi, Mhariri, mtumeni mwandishi wenu akae wiki nzima katika mahakama yoyote ya wilaya mkoani hapa, ahesabu kauli ya "hatuna kumbukumbu" inatamkwa mara ngapi. Kisha aende na majina hayo hayo Mahakama za Mwanzo za jirani, aombe kuona rejesta za kesi. Chapisheni atakachokikuta, ndipo mtuulize tena kuhusu kifungo cha maisha.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma