Fukusi na mbuzi

Mhariri,

Wanaoshangilia wadudu wanaokula mbegu kuwa ndio dawa ya magugu vamizi wamemsahau mbuzi. Afrika Kusini ilianza kuachilia fukusi wa mbegu za mathenge (mti vamizi wenye miiba, Prosopis) mwaka 1987, wakiteuliwa kwa kuwa huuacha mti wenyewe, ambao watu waliutaka kwa kuni, malisho na kivuli. Buu hutoboa ganda, hula mbegu kwa ndani, na mdudu akikomaa hutoka akiacha tundu la duara. Safi kabisa! Lakini mbuzi na mifugo mingine huyawahi maganda hayo matamu, na mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Mifugo izuiwe kwanza, fukusi wapate nafasi. Na miti iliyokwisha kukomaa? Hiyo bado ni ya kung'oa.

Msomaji wenu