Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Mtwara: jukwaa liingie kwenye kasha

Ndugu Afisa Utamaduni,

Salaam. Mimi ni seremala hapa Mikindani. Vitanda nilivyotengeneza ni vingi kuliko majukwaa, lakini michezo ya kuigiza ya shule ikikaribia, walimu hunijia mimi. Naandika kuhusu maonyesho ya ubunifu wa jukwaa, yaani namna jukwaa la mchezo linavyopangwa na kupambwa: nakuomba yasiishie mjini.

Niliwahi kufanya kazi kwenye maonyesho ya namna hiyo. Mabango ya plastiki, fremu zilizopigiliwa misumari palepale. Siku ya pili jioni tukabomoa. Mabango nikayakuta baadaye yameezeka banda la kuku. Kuku walifaidi, Tandahimba hawakuona kitu.

Sasa hesabu ya seremala, kwa maonyesho yanayoweza kusafiri. Plaiwudi moja ni sm 244 kwa 122. Inatoa vipande vinne vya sm 122 kwa 61, ukitoa kidogo kinacholiwa na msumeno. Vipande vinane vya mm 9 vikilazwa pamoja havifiki sm 8. Vinaingia kasha moja, watu wawili wanalipakia kwenye basi la Newala. Viunganishwe kwa bawaba za kuchomoa pini, visimame kwa kukunjana, bila msumari hata mmoja kwenye ukuta wa darasa. Kimo chake kinamtosha mtoto, na mtu mzima akiinama kidogo hafi. Picha zichapwe kwenye kitambaa na kufungwa kwa kamba. Mwakani mada ikibadilika, kinabadilishwa kitambaa tu. Kasha likipinduliwa ni meza ya modeli, yaani jukwaa dogo la mfano.

Modeli ndiyo roho ya kazi hii. Wabunifu wa jukwaa hutumia sana kipimo cha 1 kwa 25: jukwaa la mita 10 linakuwa sm 40, mwigizaji wa sm 175 anakuwa sm 7. Mtoto aruhusiwe kumshika, amsogeze, aone mlango ukihamishwa mchezo unavyobadilika. Ikivunjika, nitaiunga.

Prague, Jamhuri ya Cheki, wana maonyesho makubwa ya fani hii tangu 1967. Sisi tuanze na uwanja wa midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mchezaji anatokea mafichoni, kinyago na maleba vimemfunika hata jirani yake hamtambui, na duara la watazamaji ndilo ukuta wa jukwaa. Huo ni ubunifu kamili, ila una siri za jando. Wazee waulizwe kwanza kipi kichorwe na kipi kiachwe. Wakikataa kitu, kisiingie kasha.

Safari iwe Julai na Agosti. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, hapo hutampata mtu wa kutazama modeli.

Vipande viwili vya mfano viko karakanani kwangu. Ukipita Mikindani, karibu uvione. Bawaba bado zinalia, nitazitia mafuta.

Wako,
Seremala wa Mikindani