Usugu wa mbu hautokani na mazoea

Mhariri,

Husemwa mara nyingi kwamba mbu "wamezoea" dawa ya vyandarua. Mbu mmoja hazoei kitu: akigusa pairethroidi, yaani dawa iliyomo kwenye vyandarua, ama afe ama apone. Anayepona huenda alizaliwa na jeni iliyobadilika. Kwa Anopheles gambiae, mbu aenezaye malaria, wa Afrika Mashariki, asidi-amino (kijenzi cha protini) ya 1014 kwenye mlango wa sodiamu wa neva, protini ambayo dawa huishika, huwa serini badala ya lusini, hivyo dawa haishiki vizuri. Wenzake wakishakufa, yeye hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo, na wanawe huirithi. Baadhi ya vyandarua vipya vimeongezwa kemikali iitwayo PBO, inayozuia vimeng'enya vya mbu kuvunja sumu; lakini badiliko la neva hailigusi.

Msomaji,
Muheza, Tanga