Fainali ikipotea, msitukimbize kwenye usajili

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwa simu kila alfajiri, hapa Scarborough, mashariki ya jiji la Toronto, wakati nangoja maji ya uji yachemke. Mimi ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na kwa mpira wa miguu mimi ni Coastal Union, kwa hiyo kungoja nimekuzoea: ubingwa wetu wa ligi ni wa mwaka 1988.

Kilichonishikisha kalamu ni safu ya mwandishi wenu wa michezo, aliyesema kuwa timu ikipoteza fainali dawa ya shabiki ni dirisha la usajili, na kwamba mtu anayeendelea kuisimulia mechi iliyokwisha anajitesa bure. Mimi tangu Novemba nimekaa na watu waliopoteza fainali, nawapikia asubuhi na mchana, na ninayoyaona ni kinyume na maneno yake.

Fainali yenyewe ni ya besiboli. Wasomaji wengi wa huko hawaujui mchezo huu, nami sitawachosha na sheria zake. Lililo kubwa ni kwamba hauna saa. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na zamu haiishi mpaka wapigaji watatu watolewe. Anayeongoza hana pa kujificha. Hawezi kujiangusha akashika paja, wala hakuna kipa wa kuukumbatia mpira mpaka filimbi ilie. Lazima amtoe mtu wa mwisho kwa mikono yake. Wakiwa sare baada ya zamu tisa, wanaongeza nyingine, na nyingine, hata kuche. Fainali yao kuu, World Series, ni mechi hadi saba, na wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa.

Toronto Blue Jays mwaka 2024 walishika mkia katika kundi lao. Mwaka 2025 wakafika World Series, mara ya kwanza tangu 1993. Wapinzani wao walikuwa Los Angeles Dodgers, mabingwa watetezi, wenye fedha za kuchezea na wenye Shohei Ohtani, yule Mjapani anayewarushia wapigaji mpira na mwenyewe pia anapiga. Mechi ya tatu ilikwenda zamu kumi na nane. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa za usiku Freddie Freeman wa Dodgers alipoimaliza. Hata hivyo Toronto wakajikongoja mpaka mechi ya saba, tarehe 1 Novemba, uwanja wa nyumbani.

Zamu ya tatu, Bo Bichette, kijana aliyekuwa na goti bovu tangu Septemba, alimpiga Ohtani homurani, yaani pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja, ya pointi tatu. Mji ulitikisika. Zamu ya tisa inaingia, Toronto 4, Dodgers 3, mmoja ameshatolewa. Wamebaki wawili. Anakuja Miguel Rojas, mtu mzima wa miaka 36, anayesifiwa kwa kudaka kuliko kupiga, anaupeleka mpira wa Jeff Hoffman, mrushaji wa Toronto, jukwaani. Nne kwa nne. Zamu ya kumi na moja, Will Smith wa Dodgers anapiga homurani nyingine, tano kwa nne, na hapo ndipo palipoishia. Ukijumlisha mechi zote saba, Toronto walipata pointi 34 na Dodgers 26. Kombe limekwenda kwa wenye 26.

Mechi ilianza saa mbili usiku ikaisha baada ya saa sita. Wazee wangu wengi hawafiki huko. Dawa za usiku zinawachukua mapema, na kadhaa walilazwa wakiwaacha Jays mbele kwa pointi mbili. Tena ulikuwa ndio usiku wa kurudisha saa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, kwa hiyo hata usiku wenyewe uliongezwa saa moja. Mimi niliingia zamu ya asubuhi, macho mekundu, nikaikuta sebule imejaa watu waliovaa kofia za buluu, wananitazama wakingoja niseme hongera.

Aliyeuliza kwanza ni bibi mmoja aliyevuka tisini, shabiki tangu timu ilipoanzishwa 1977. Nikamwambia. Hakulia. Aliweka kijiko chini akasema, "Kaa hapo unisimulie tangu mwanzo." Uji ukaungua, nami nikasimulia.

Nilipokuwa nasimulia nikajikuta niko nyumbani, kwenye matanga. Watu wa kwetu mtanielewa. Anayekuja kuhani haanzi na mipango ya mirathi. Anakaa mkekani, anauliza, "Ilikuwaje?" na mfiwa anaeleza: aliamkaje, alikula nini, daktari alisema nini. Akija mwingine jioni anaeleza tena, neno kwa neno. Hakuna anayemwambia, "Hiyo tumeisikia asubuhi." Kwa siku kadhaa habari inazungushwa hivyo mpaka inamlegea mwenyewe mdomoni. Nazijua tofauti, Mhariri, msije mkanicheka. Katika nyumba ninayofanya kazi watu hufa kweli. Ila njia ya kupoza naiona ni ileile.

Kuanzia asubuhi ile sebule yetu ina baraza lake. Kesi kubwa ni ya Isiah Kiner-Falefa. Mwisho wa zamu ya tisa, ikiwa nne kwa nne, Toronto walikuwa na wakimbiaji katika vituo vyote vitatu vya kuzungukia na ametolewa mmoja tu. Kiner-Falefa, aliyeingizwa kumkimbilia Bichette mwenye goti, alikuwa kituo cha tatu. Akifika nyumbani, yaani pale pa kupigia, salama, ni pointi na Toronto ni bingwa. Daulton Varsho akaupiga mpira wa chini kwa Rojas, Rojas huyohuyo, akayumba, akarusha nyumbani, na Kiner-Falefa akatolewa kwa tofauti ya unyayo. Waamuzi walirudia picha, uamuzi ukabaki vilevile. Kwa nini hakujisogeza mbele kabla mpira haujapigwa? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliagizwa akae karibu na kituo, asije akanaswa mpira ukidakwa hewani. Mzee mmoja, fundi mabomba mstaafu, hupima hatua za Kiner-Falefa kwa gongo kwenye zulia letu kuonyesha angefika. Bibi yangu wa tisini humjibu kwamba angenaswa. Wameanza Novemba, hawajamaliza, na wote wawili wanakula vizuri.

Kuna pia yule anayesahau. Sitaeleza zaidi kuhusu maradhi yake. Kila baada ya siku chache huuliza kama Jays walishinda, na wafanyakazi tuligawanyika. Wengine walisema tumwambie walishinda, atabasamu, yaishe. Mimi nilikataa. Huyu ni mtu aliyekuwapo uwanjani 1993 Joe Carter alipoipiga ile homurani iliyowapa kombe la pili mfululizo, na habari hiyo anaikumbuka mpaka rangi ya koti alilovaa; hastahili kudanganywa kuhusu timu yake. Kwa hiyo namweleza. Anatukana kidogo, kwa adabu ya kizee, kisha anauliza nani alikuwa anarusha. Nikimjibu Hoffman, anatikisa kichwa, anaomba chai. Hoffman mwenyewe usiku ule alisimama mbele ya waandishi akakiri kwamba amewakosesha wenzake pete ya ubingwa. Baada ya hapo, bibi wa tisini alipiga marufuku mtu yeyote kumsema vibaya mezani, na marufuku hiyo inaheshimiwa kuliko ya chumvi.

Wapo wasiotaka kuongea kabisa. Mwenzangu wa jikoni, mama kutoka Jamaica, ameigeuza kofia yake ikatazama ukuta, na jina la Rojas likitajwa anafungua bomba la maji kwa nguvu. Naye tunamwacha. Mwingine anatazama marudio ya mechi ya tano peke yake, ile Trey Yesavage, mrushaji kijana wa Toronto aliyeuanza mwaka katika madaraja ya chini ya timu ndogo, alipowatoa wapigaji wa Dodgers mara kumi na mbili kwa kuwakosesha mpira. Mechi ya sita na ya saba hazigusi. Kila mtu na namna yake.

Sasa turudi kwenye usajili wa mwandishi wenu, maana huku nao ulikuja. Novemba ilikuwa haijaisha, Toronto wakampa mrushaji Dylan Cease mkataba wa miaka saba kwa dola milioni 210. Sebuleni waliinua nyusi, wakasema vizuri, wakarudi kwa Kiner-Falefa. Mwezi wa kwanza akaja Kazuma Okamoto kutoka Japani. Vizuri pia. Halafu Kyle Tucker, ambaye Toronto walimwania kwa kila hali, akaenda kwa Dodgers, walewale! Haukupita muda, Bichette akasaini New York Mets. Bichette wa homurani ya zamu ya tatu, aliyekulia ndani ya timu hii. Hiyo ndiyo dawa tuliyoandikiwa: ukiipanda ngazi ya usajili ukadhani unaukimbia msiba, unakutana nao juu umeongezewa mwingine. Anayetegemea dirisha la usajili limtulize, furaha yake ameikabidhi kwa mawakala.

Wenye besiboli wana bahati moja ambayo sisi wa mpira wa miguu hatuna. Msimu ukiisha mwanzoni mwa Novemba, hakuna mechi ya ligi mpaka mwisho wa Machi. Karibu miezi mitano. Nje theluji, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na hakuna wa kukuharakisha. Tena hakuna wa kukucheka, kwa sababu tangu Montreal walipoipoteza timu yao baada ya msimu wa 2004, Toronto ndiyo timu pekee ya Kanada katika ligi kuu hiyo. Nchi nzima imefiwa pamoja. Utani wa jadi nimeukosa, nakiri, lakini mwaka huu nimeona faida ya kutokuwa nao.

Anayenicheka ni mmoja tu, binamu yangu wa Seattle, dereva wa lori. Timu yake, Mariners, haijawahi kufika World Series hata mara moja. Tarehe 20 Oktoba walikuwa wanaongoza 3-1 katika mechi ya saba ya nusu fainali, hapahapa Toronto, mpaka George Springer alipopiga homurani ya pointi tatu zamu ya saba. Usiku ule mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Novemba 2 binamu akanipigia. Hakusema pole. Alisema, "Haya, shemeji zangu, karibuni ndani, tumewawekea nafasi." Tukacheka mpaka machozi, kisha akaniomba nimsimulie zamu ya tisa, naye akanisimulia ya Springer kwa upande wake. Saa nzima na dakika zake. Sijawahi kupata faraja kama ile.

Kaka yangu Tanga hakuipata. Yeye ni Yanga. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam. Juni 3 wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Yeye naye ana hesabu yake isiyolingana, kama sisi na pointi zetu 34. Lakini kabla hajaisema vizuri, magazeti, na lenu likiwemo, yalikuwa yameshajaa nani anaingia na nani anatemwa. Julai mshambuliaji wao Fiston Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Agosti Ngao ya Jamii ikaletwa Mkwakwani, hatua chache kutoka mlangoni kwake, Simba wakawafunga kwa mikwaju ya penalti. Miezi miwili na ushei, na tayari ana jeraha jipya juu ya lile. Mpaka leo ukimgusia Algiers anaanza upya kwa sauti ya juu, mishipa imemtoka, na wifi yangu ananiashiria kwenye video nikate simu. Sishangai. Hakuna aliyemkalisha mkekani akamuuliza ilikuwaje.

Ombi langu ni dogo. Siku timu yetu yoyote itakapopoteza fainali tena, iwe Simba, Yanga, Azam au, Mungu akipenda, Coastal, kwa wiki moja tu huo ukurasa wa usajili wapeni mashabiki. Waandike walikuwa wapi, dakika gani walijua mambo yameharibika, wanamlaumu nani na kwa nini wanakosea. Tetesi za usajili hazitaoza kwa siku saba.

Mkikubali, barua ya kwanza nitawaletea ya kaka yangu. Tengeni nafasi ya kutosha, maana atataka aanzie nusu fainali, na tafadhali msimpunguzie pale kwenye bao la pili la USM Alger. Hapo hataki kuguswa na mhariri yeyote.

Wenu katika michezo,
Mpishi wa Ngamiani
Scarborough, Toronto