Risala kwa Mgeni Rasmi: Kuzalisha Aina Mpya ya Heukera Yenye Majani Yanayobadilika kwa Majira

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi mlioambatana na mgeni wetu,
Walimu, wanafunzi na wakuzaji wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika siku hii ya maonyesho ya mimea ya mapambo, na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Baada ya risala hii utapitishwa kwenye kitalu, na utakuta trei nyingi za miche. Tungependa ujue mapema kwa nini sehemu kubwa ya miche hiyo itatupwa, na kwa nini ile itakayobaki haitauzwa hivi karibuni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, heukera ni mmea mdogo wa kudumu wenye asili ya Amerika Kaskazini. Maua yake ni madogo, na watu wengi huupanda kwa ajili ya majani. Mwaka 1991 chama cha Perennial Plant Association cha Marekani kiliiteua aina iitwayo 'Palace Purple' kuwa mmea wa kudumu wa mwaka, na tangu hapo wazalishaji wameongeza rangi ya kaharabu, ya fedha, ya karameli, ya waridi na ya zambarau iliyokaribia weusi. Ila sifa ya 'Palace Purple' iliharibika baadaye kwa sababu watu waliipanda kwa mbegu kizazi baada ya kizazi, mpaka mimea yenye majani ya kijani yaliyofifia ikawa inauzwa kwa jina hilohilo. Suala hilo tutalirudia.

Rangi ya jani hutokana na mambo manne yanayofanya kazi pamoja. Klorofili hutoa kijani. Karotenoidi hutoa njano na rangi ya kaharabu pale klorofili inapopungua. Anthosianini hutoa wekundu na zambarau. Mng'ao wa fedha hautokani na rangi yoyote: chini ya ngozi ya jani kuna nafasi ndogo za hewa zinazorudisha mwanga. Anthosianini huongezeka mchana unapokuwa na jua na usiku ukiwa wa baridi, kwa kuwa sukari hubaki kwenye jani. Ndiyo maana mmea mmoja unaweza kuwa mwekundu wakati wa kuchipua, ukageuka kijani chenye vivuli vya shaba katika joto, kisha ukarudi kuwaka wekundu majani ya miti yanapopukutika. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huzima wekundu huo na kuleta kijani, na kivuli kizito nacho hufanya hivyohivyo. Mkuzaji anayemwaga mbolea ili miche ikue haraka huwa anajifichia kitu alichokuwa akikitafuta.

Kazi huanza kwa kuchagua wazazi. Heukera za asili ziko za spishi mbalimbali. Heuchera americana huleta michoro ya mishipa na mabaka ya fedha. Heuchera villosa ina majani makubwa yenye manyoya na huvumilia joto na unyevu wa hewa kuliko ndugu zake, na ndiyo damu iliyo nyuma ya aina nyingi za rangi ya karameli, zikiwemo zilizotoka kwa Thierry Delabroye wa Ufaransa. Heuchera sanguinea huleta maua mekundu. Anayetaka rangi nzuri isiyokufa kwenye joto hana budi kuiingiza villosa mahali fulani katika ukoo. Kuna pia njia ya kuvuka jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, kwa kuchanganya heukera na mmea wa jamaa yake uitwao tiarela, njia ambayo bustani ya Lemoine mjini Nancy, Ufaransa, iliifanya mwanzoni mwa karne ya 20. Machotara hayo hupendeza, lakini ni tasa. Hayatoi mbegu, kwa hiyo safari ya uzalishaji huishia hapo.

Tatizo la kwanza ni wakati. Villosa huchanua mwishoni mwa majira ya joto, wakati americana imeshamaliza. Dawa yake ni kuhifadhi chavua: vifuko vya chavua hukaushwa kwa siku moja ndani ya chumba kikavu, hutiwa kwenye kidonge tupu cha jelatini, kisha kidonge huwekwa ndani ya chupa yenye silika jeli inayofyonza unyevu, na chupa hukaa kwenye friji kwa nyuzi joto 4 hivi. Unyevu ukiingia, chavua hufa hata kama baridi ipo. Chupa ikitolewa isifunguliwe mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa hugeuka maji juu ya chavua.

Uchavushaji wenyewe ni kazi ya macho na mkono uliotulia. Ua la heukera lina stameni 5, yaani viungo vya kiume vinavyobeba vifuko vya chavua, na mitindo 2, yaani vijiti vya kike vinavyopokea chavua, na lote halizidi milimita chache. Tunatumia lenzi ya kuvaa kichwani na kibano chenye ncha kali. Ua huchaguliwa likiwa limevimba lakini halijafunguka. Linafunguliwa upande mmoja, stameni zote 5 zinatolewa kabla vifuko havijapasuka, na maua mengine ya bua hilo yaliyokwisha kufunguka yanakatwa yote. Kisha bua hufunikwa kwa mfuko wa kitambaa chepesi ili nyuki wasifike. Baada ya siku moja au mbili, stigma, yaani ncha za mitindo, zinapong'aa na kunata kidogo, chavua hupakwa kwa brashi nyembamba, na hurudiwa siku inayofuata kwa sababu maua hayakomai kwa wakati mmoja. Lebo huandikwa kwa penseli, jina la mama kwanza, la baba pili, na tarehe. Wino hufutwa na mvua, na mbegu isiyo na ukoo haina maana katika kazi hii.

Kuna jambo moja kuhusu mama ambalo wanafunzi hulisahau. Mabaka meupe au ya krimu yanayotokana na kasoro ya kloroplasti, yaani vijisehemu vya seli vyenye klorofili, kwa kawaida hurithiwa upande wa mama. Mmea wa namna hiyo ukitumiwa kama baba, miche yote inaweza kutoka bila baka hata moja, na mkuzaji akadhani uchavushaji umeshindwa.

Vikasha vya mbegu hukomaa takriban wiki 4 hadi 6 baadaye. Vikianza kuwa kahawia na kufunguka kwenye ncha zake mbili, bua hukatwa na kutumbukizwa kichwa chini ndani ya bahasha ya karatasi. Mbegu ni laini kama ugoro. Hutawanywa juu ya udongo mwepesi uliolowa na hazifukiwi, kwa sababu zinahitaji mwanga ili kuota. Kwa nyuzi joto 18 hadi 21 huchomoza ndani ya wiki 2 hadi 4. Trei inyweshwe maji kwa chini. Maji yakimwagwa juu, mbegu husombwa pembeni, na unyevu mwingi huleta ukungu unaokata miche shingoni kwa usiku mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, idadi ya miche unayoiona si tamaa. Sifa nyingi nzuri hufichika katika kizazi cha kwanza na hujitokeza cha pili. Sifa moja fiche hutokea kwa mche 1 kati ya 4, sifa mbili kwa pamoja ni 1 kati ya 16, na tatu ni 1 kati ya 64. Ili kuwa na uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mche mmoja wenye sifa hizo, inatakiwa miche 11 kwa sifa moja, 47 kwa mbili na 191 kwa tatu. Anayepanda miche 30 huku akitafuta sifa tatu anategemea bahati.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kazi hii haishindwi sana kwenye kuchavusha. Hushindwa kwenye kuchagua. Mche ukiwa ndani ya chungu, katika majira ya kuchipua, karibu kila heukera ni nzuri. Mteja ataupeleka bustanini, atauacha kwenye jua la mchana, na baridi itaupita. Majani ya njano na ya kaharabu huungua kingo kwenye jua kali, na zambarau nyingine hupauka hadi rangi ya matope. Kwa hiyo mimea iliyochaguliwa hupandwa sehemu tatu, penye jua, penye nusu kivuli na penye kivuli, ikiwa na aina inayojulikana pembeni kwa kulinganisha. Hupigwa picha katika kila majira, saa ileile, na rangi hupimwa kwa chati ya rangi ya Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, kwa kuwa kamera hudanganya wekundu. Miaka 3 ya kuangalia hivyo ndiyo kiwango cha chini. Mwaka wa kwanza huonyesha rangi. Wa pili na wa tatu huonyesha kama mmea unaishi.

Vinavyoua heukera vinajulikana. Udongo unaotuamisha maji huozesha shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi. Mabuu ya fukusi mweusi hula mizizi, na ishara yake ni mmea kunyauka ilhali udongo una maji. Ukiuvuta unatoka wenyewe. Kutu ya Puccinia heucherae huacha vidoti juu ya jani na vipele vya kahawia chini yake. Penye baridi kali, udongo unaoganda na kuyeyuka huusukuma mmea juu mpaka mizizi ibaki wazi, na ni lazima urudishwe ardhini. Mche mzuri kuliko wote ukishikwa na kutu mwaka baada ya mwaka, unatupwa. Uamuzi huo huuma, lakini hatuujadili mara mbili.

Mmea uliofaulu hauzalishwi kwa mbegu, na hapa tunarudi kwenye kisa cha 'Palace Purple'. Huzalishwa kwa kugawanya shina, au kwa kukuza tishu maabarani pale inapotakiwa mimea mingi. Mabaka yanayotokana na tabaka mbili za seli zenye jeni tofauti huweza kuvunjika maabarani na kutoa mimea ya kijani, kwa hiyo kundi la kwanza hukaguliwa mmea kwa mmea kabla ya kuongezwa.

Haki za mzalishaji zina masharti yake. Mkataba wa UPOV, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, uliotiwa saini Paris mwaka 1961 na kurekebishwa mwaka 1991, hutaka aina mpya iwe tofauti na zinazojulikana, ifanane mmea kwa mmea, na isibadilike inapozalishwa. Heukera iliyouzwa kwa idhini ya mzalishaji kwa zaidi ya mwaka 1 katika nchi anayoombea ulinzi, au zaidi ya miaka 4 nje yake, hupoteza sifa ya upya. Ndiyo sababu hatutagawa vipande vya mimea leo, na tunaomba radhi kwa watakaoviomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu kwako ni machache. Tunaomba viwanja vya majaribio katika maeneo yenye hali ya hewa tofauti, vilindwe kwa miaka 3 mfululizo bila kulimwa upya wala kubadilishiwa matumizi, kwani kiwanja kikichukuliwa mwaka wa pili kumbukumbu zote za kabla yake hupungua thamani. Tunaomba pia nafasi katika maabara safi ya tishu, lenzi na vibano kwa ajili ya wanafunzi, na chati moja halisi ya rangi. Zaidi ya hayo, tunaomba utusaidie kuwaeleza wafadhili kwamba mradi huu usipimwe kwa idadi ya aina zilizotolewa katika mwaka wa kwanza, kwa sababu idadi sahihi ya mwaka huo ni sifuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.