Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuishi bila pesa

Wanangu,

Mmeniletea rasimu ya katiba ya kijiji chenu mkaniomba baraka. Baraka mnazo, ila mtaanza na karipio. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta mtu atakayesugua masufuria, sijamwona. Nimeona ibara ya udugu, ya ardhi ya pamoja, ya maamuzi kwa maridhiano. Kisha nikafika kwenye sentensi mnayojivunia, kwamba hapa hakuna atakayemhesabia mwenzake. Hapo nikavua miwani.

Sentensi hiyo naijua. Kikundi kilichowatangulia, ambacho baadhi yenu mlikitembelea enzi za vicheko, nacho kiliiapia. Pesa waliifuta, sawa. Pamoja nayo wakafuta na daftari, wakidai kuandika nani kafanya nini ni tabia ya kibepari. Yaliyofuata mama yeyote angeweza kuwatabiria. Wenye ulimi mwepesi walikaa vikaoni hadi usiku wa manane wakijadili falsafa ya kugawana. Wenye haya wakateka maji, wakapika, wakaogesha watoto wasio wao, wakakesha na wagonjwa. Hakuna aliyeiba hata sindano. Ila dada mmoja aliyekuwa akilibeba jiko lote alifungasha asubuhi moja akaenda zake bila kugombana na mtu, na hadi leo wenzake wanaulizana alikasirishwa na nini. Alichoka, basi! Wakamfuata wengine wa namna yake, wakabaki wasemaji watupu. Hao nao njaa ikawatawanya.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya kijiji kisicho na pesa ni nini kama si nguvu za watu wake?

Msidhani ni uzembe wa kikundi kimoja. Robert Owen, tajiri wa viwanda vya nguo, alinunua kijiji kizima cha New Harmony, Indiana, Marekani, akakifungua mwaka 1825 kwa karibu kila aliyetaka. Watu wapatao 800 walimiminika ndani ya majuma machache. Mafundi wakawa haba, wenye maoni tele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule siku ya tatu walimpa katiba mpya, na baada ya hiyo nyingine. Kufikia 1827 mambo yalikuwa yamekwisha. Mmoja wa waliokuwamo, Josiah Warren, alifungua duka Cincinnati mwaka huohuo, ambamo muda wa muuzaji ulilipwa kwa hati ya kuahidi muda wa kazi unaolingana. Alichojifunza New Harmony nadhani mnakiona.

Sasa watazameni waliodumu. Jumuiya ya Twin Oaks, Virginia, Marekani, ipo tangu 1967 na ina watu wapatao mia. Hawalipani mishahara, lakini kila mtu mzima anadaiwa saa zipatazo 40 za kazi kwa wiki, na saa ya kupika au kulea mtoto ina uzito uleule wa saa ya kiwandani au ofisini. Mwanzoni walijaribu kuzipa kazi zinazokimbiwa alama nyingi zaidi, baadaye wakaamua saa ni saa. Törbel, kijiji cha milimani Uswisi, kina kanuni iliyoandikwa tangu 1517: usipeleke kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Ng'ombe walihesabiwa, aliyezidisha akatozwa faini. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikichambua kijiji hicho na vingine vingi vinavyomiliki mali kwa pamoja, na kila vilipodumu alikuta mipaka inayojulikana, watu wa kuangalia, na adhabu inayoanza ndogo.

Kwa hiyo wekeni daftari, na lifunguliwe mezani kila mtu alione. Iandikwe kila kazi, hata kukesha na mgonjwa, hata kumsikiliza mzee anayerudia hadithi (naam, mimi). Mjamzito na mgonjwa wasamehewe kwa kanuni, wasilazimike kuomba huruma. Na msilisome kumwinda mvivu tu. Tafuteni humo jina linalojirudia kupita kiasi, mkampumzishe mwenyewe kabla hajafungasha.

Kosa si lenu peke yenu, najua. Pato la taifa likikokotolewa, kazi ya mpishi wa mgahawani inaingia; mkeo akipika chakula kilekile nyumbani, haimo. Mmelelewa na dunia inayosema asiye na mshahara hafanyi kazi, nanyi mmeibeba dunia hiyo hadi kijijini mkidhani mmeiacha getini. Hata kibbutz za Israeli, yaani vijiji vya mali ya pamoja, ya kwanza ikiwa Degania ya mwaka 1910, zilitangaza usawa wa mume na mke, kisha wanawake wakajikuta jikoni, kwenye kufua na kwenye nyumba za watoto. Bibi zenu waliendesha uchumi usio na pesa maisha yao yote, na hakuna aliyewapigia makofi kwenye kongamano.

Mengine nitayapitia mbio.

Msikue ovyo. Wahutteri, kundi la Wakristo walioanza kumiliki mali kwa pamoja mwaka 1528, hukigawa kijiji kinapokaribia watu 150.

Pesa ya nje mtaihitaji kwa kodi, dawa na nauli. Hao Wahutteri huuza mazao, Twin Oaks huuza bidhaa. Mfuko uwe mmoja, na watunzaji wabadilishwe.

Asiletwe mtu kwa kuburutwa. Vijiji vya kwanza vya ujamaa vya Ruvuma, Tanzania, vilianzishwa na wanavijiji wenyewe. Serikali ikaufuta umoja wao mwaka 1969, na miaka michache baadaye mamilioni ya watu wakahamishiwa vijijini, wengi kwa amri. Hamna serikali, lakini aibu na maneno ya kundi navyo huburuta.

Vijembe vya vikaoni vipigwe marufuku. Mwenye neno na mwenzake amfuate.

La mwisho ni kuondoka. Mmeandika kurasa za namna ya kuingia, na kuhusu kutoka hakuna hata mstari. Liandikeni sasa, mngali mnapendana: anayeondoka anachukua nini, nauli inatoka wapi, aliyekuja na shamba au mashine anarudishiwa au harudishiwi, na watoto wanakwenda na nani. Mtu alisome na kulitia sahihi siku anayopokelewa, na nakala akae nayo mwenyewe, isifungiwe kwa katibu.

Mzee wenu