Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkao Kwanza, Rangi Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliweka mkazo kwenye mkao wa sanamu ndogo za askari kabla hazijapakwa rangi. Kazi nyingi zilizoletwa mezani zilipakwa vizuri, lakini askari hawakuwa na uzito: nyayo hazikukanyaga ardhi, na macho hayakuelekea kwenye kazi ya mikono. Hilo, rangi hailiponyi.

Wengi wetu tunatumia kipimo cha 1/35, ambapo mtu wa sentimita 175 anakuwa na urefu wa milimita 50. Kosa la milimita moja ni sawa na sentimita tatu na nusu mwilini, na jicho huliona papo hapo.

Ukitaka kuzungusha kiuno, kata kwenye mstari wa mkanda kwa msumeno mwembamba, maana mkanda utaficha kiungo. Kiwiko kikunjwe kwa kutoa kabari ndogo upande wa ndani. Toboa pande zote mbili za mkato kwa keekee ya mkono, pitisha waya wa shaba wa nusu milimita, ndipo utie gundi. Plastiki hushikana kwa gundi inayoiyeyusha. Resini, ile inayomiminwa kwenye kalibu, haiyeyuki kwa gundi hiyo, inataka supaglu. Pengo lijazwe puti ya epoksi, yaani kinyunga cha kujazia chenye sehemu mbili, iliyochanganywa sawa kwa sawa. Isipochanganyika vizuri, hubaki na madoa laini yasiyokauka kamwe.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mikunjo ya nguo huanzia pale kitambaa kinapovutwa au kubanwa: kwapani, kiwikoni, gotini. Mkono ulioinuliwa ukibaki na mikunjo ya mkono ulioshuka, kila mtu atajua ulikatwa. Kwangua mikunjo ya zamani yote, kisha uchonge mipya puti ikiwa bado laini, kwa kifaa kilicholowa maji. Askari akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega lake hushuka. Mkanda wa bunduki utengenezwe upya kwa ukanda wa karatasi au wa bamba jembamba la madini ya risasi, upana usiozidi milimita moja.

Kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, osha sanamu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili kuondoa mafuta ya kalibu, la sivyo rangi itabanduka. Nyunyiza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30: karibu mno, praima hufunika vifungo, mbali mno, hukaukia hewani na kuacha chengachenga. Rangi ya akriliki ipakwe tabaka mbili tatu nyepesi. Machoni, nyeupe tupu humfanya askari aonekane ameshtuka; kwa kipimo hiki, mstari mweusi chini ya kope mara nyingi unatosha. Vanishi isipulizwe hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, kwani huganda kama ukungu juu ya kazi iliyokamilika.

Kuhusu afya, kamati imeamua kwamba kwenye meza ya pamoja resini ipigwe msasa ikiwa imelowa tu, na mpigaji avae barakoa. Vumbi lake hudhuru mapafu.

Kwa mwaka ujao, tunapendekeza kila sanamu iletwe kukaguliwa kabla ya praima, ikiwa imechomekwa kwa waya kwenye ardhi itakaposimama.

Mwenyekiti